Nimeandika Mimi, Yeye Kaweka Jina Lake: Je, Kaniibia?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana katika darsa la Ramadhan baada ya swala ya alasiri. Imepunguzwa kidogo ili iingie jaridani.)



Ama baad. Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mtakaoisoma mada hii nyumbani huku mkisubiri adhana ya magharibi, nimeombwa nizungumzie jambo ambalo zamani lilikuwa la maprofesa na wachapishaji peke yao. Leo ni la kila mmoja wetu. Kijana mwenye simu ya bei ya chini kabisa anaandika asubuhi akiwa Likoni, na kabla ya adhuhuri maneno yake yamesomwa Garissa, Nairobi, na kwa shangazi yake aliye Dubai. Na kabla ya jioni huenda akayaona yamemrudia mwenyewe, chini yake pana jina la mtu mwingine. Hapo moyo humwenda mbio. "Huyu kaniibia!" Kisha maneno yaanza, watu waanza kuvuana nguo hadharani, na saumu zaingia doa kwa ajili ya kurasa mbili.

Swali ni hili: kaiba kweli? Na kama kaiba, kaiba nini hasa? Nawaomba mnivumilie, kwa sababu jibu si moja. Mtu akiharakisha kujibu, humwita mwizi asiyekuwa mwizi, ama humwacha mwizi apite na sifa zake.

Hebu tuanze jikoni, kwani mwezi huu fikra za wengi ziko huko. Jirani yako amekuletea mkate wa sinia. Amekupa kwa roho safi, hakukuwekea sharti. Ukiula ni halali yako, ukiwapa wageni ni halali. Lakini wageni wakausifu, wakauliza nani kaupika, nawe ukajibu, "Ni mimi." Hapo umefanya nini? Mkate hukuiba, ulipewa. Umechukua sifa ya mtu na umewadanganya wageni. Sasa ligeuze jambo. Jirani hayupo, umeingia jikoni kwake ukauchukua mkate, ukawawekea wageni na kuwaambia wazi, "Huu kaupika mama fulani, hakuna amshindaye mtaa huu." Jina umelitaja vizuri. Lakini nani kakuruhusu kuuchukua?

Hayo ni makosa mawili mbalimbali, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni wizi wa maandishi: kuonyesha kazi ya mwingine kana kwamba ni yako. La pili ni kuvunja hakimiliki: kuinakili na kuisambaza kazi ya mtu bila idhini yake, hata kama jina lake umeliacha palepale. Mtu aweza kufanya la kwanza bila la pili, la pili bila la kwanza, na wako mabingwa wanaofanya yote mawili kwa pigo moja.

Ndiyo maana kupewa ruhusa peke yake hakutoshi. Mnajua wenyewe kuna vijana wetu, wasomi wazuri, wanaolala saa tisa za usiku wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo kwa malipo. Mwandishi ameridhia, amelipwa, halalamiki. Je, hapo hakuna udanganyifu? Upo, tena mkubwa. Aliyedanganywa ni mwalimu anayetoa alama, na kesho ni yule atakayemwajiri mwenye shahada hiyo. Kwa hivyo unapofikiria wizi wa maandishi, usimtazame mwandishi pekee. Mtazame na msomaji. Yeye naye ana haki ya kujua anamsikiliza nani.

Sasa twende kwenye maandishi yenyewe. Tuseme binti mmoja ameandika makala kuhusu kumuuguza babake mwenye kisukari katika Ramadhan. Ameeleza vipi walikwenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, vipi daktari alizipanga upya nyakati za dawa, vipi walimpima sukari mchana na siku gani walimfungulisha. Na ameandika kwa msisitizo kwamba mtu asijibadilishie dawa mwenyewe bila daktari. Ameiweka mtandaoni usiku wa mwisho wa Shaabani, kwa jina lake. Kufika saumu ya tatu imeenea kote.

Mtu wa kwanza ameituma nzima, jina la binti liko chini. Huyu hakuiba maandishi. Ingekuwa adabu zaidi aombe ruhusa, au atume anwani ya mahali ilipo ili watu waisome kwa mwenyewe, na hakimiliki ni mlango mwingine tutakaoufungua baadaye. Lakini kumwita mwizi wa maandishi ni kumdhulumu.

Mtu wa pili amelikata jina. Hakuweka lake, ameiacha makala yatima. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi nimefowadi tu." Hapa mimi natofautisha. Aliyelikata ndiye mwenye kosa, kwa sababu alijua ni ya nani akaifuta alama. Wale mia mbili walioipokea ikiwa haina jina hawakuiba kitu, walipokea maji mtoni bila kujua chemchemi. Ila mmoja wao akiambiwa, "Hii ni ya binti fulani," kisha akaendelea kuisambaza bila jina, udhuru wake umekwisha.

Wa tatu ameweka jina lake. Huyu hana mjadala.

Wa nne ni mjanja. Amebadilisha "baba" kuwa "mzee wangu", "daktari" kuwa "tabibu", amekata sentensi hapa akaunga pale. Mpangilio ni uleule, mifano ni ileile, hata swali ambalo binti aliliuliza katikati limo. Wengi hudhani akishabadilisha maneno kazi imekuwa yake. La, haijawa. Mtu akilichukua gari lako akalipaka rangi nyingine, gari si lako tena? Kipimo changu ni hiki: iondoe makala ya binti duniani, je, huyu jamaa angeliweza kuiandika yake? Kama jibu ni hapana, basi anadaiwa jina. Na msiniambie, "Si mimi, ni programu ya akili unde iliyoyageuza maneno." Wewe ndiye uliyeipa makala ya mwenzio, wewe ndiye uliyeweka jina lako.

Wa tano ananitia hofu kuliko wote, na watu hawamtaji. Ameacha jina la binti, ila ameifupisha makala ili iingie vizuri kwenye simu, na katika kufupisha ameondoa ile sentensi ya daktari. Sasa binti ameandikwa jina lake juu ya maneno asiyoyasema. Mtu akajipangia dawa za mzazi wake kichwani mwake, likatokea la kutokea, atatajwa nani? Yule wa tatu aliiba sifa za binti. Huyu wa tano kamtwika mzigo usiokuwa wake. Ukifupisha, sema umefupisha, na usiguse yale ambayo mwenyewe aliyasisitiza.

Baada yao wako wawili wasiokuwa na kosa lolote. Mmoja amenukuu sentensi mbili, akamtaja binti, kisha akaeleza kwa nini yeye aona vingine. Huko ndiko kuandika, na binti afurahi kuwa amesomwa kwa makini. Mwengine ameisoma makala ile, ikamkumbusha mamake mwenye shinikizo la damu, akaandika yake kwa yaliyompata mwenyewe. Wazo la kuandika kuhusu kumuuguza mzazi mwezi wa Ramadhan halina mwenyewe. Angetaja kuwa binti ndiye aliyemtia hamu ingekuwa uungwana, asipotaja si mwizi.

Liko moja nimeliacha makusudi kwa kuwa ni gumu, nalo ni la kuchukua utafiti wa mtu. Umekaa wiki nzima ukifungua vitabu, ukapata riwaya moja katika kitabu cha zamani, ukaiandika pamoja na jina la kitabu. Mwenzio akaichukua riwaya na jina la kitabu, akaandika "amesema fulani katika kitabu chake", na wewe hakukutaja kabisa. Ukimshika atakwambia, "Nimekuibia nini? Maneno si yako, ni ya huyo imamu, na jina lake nimeliandika!"

Jamani, mzozo huu si wa intaneti. Ulitokea Misri yapata miaka mia tano iliyopita baina ya wanavyuoni wawili ambao vitabu vyao viko misikitini mwetu mpaka leo. Mmoja ni Imamu Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505 (911 Hijria), mmoja wa wawili walioandika Tafsiri ya Jalalayn inayosomeshwa katika darsa za pwani hii. Wa pili ni Imamu al-Qastallani, aliyefariki mwaka 1517 (923 Hijria), mwenye sharhe mashuhuri ya Sahih Bukhari na kitabu cha al-Mawahib kuhusu Mtume (s.a.w.).

Waandishi wa tarehe za wanavyuoni wanasimulia kuwa as-Suyuti alilalamika kwamba al-Qastallani achukua kutoka vitabu vyake wala hamtaji. Shauri likafika mbele ya Shaykhul Islam Zakariya al-Ansari. As-Suyuti akatakiwa aeleze dai lake. Tazameni alivyojibu, kwani wakili wa leo hangeliweza kulipanga vizuri zaidi. Alisema kuwa al-Qastallani ananukuu mahali kadhaa kutoka kwa al-Bayhaqi. Al-Bayhaqi ana vitabu vingi, basi na atwambie hayo ameyaona katika kipi. Maana yake ni kuwa hakuviona vitabu vya al-Bayhaqi, ameyaona maneno hayo ndani ya vitabu vya as-Suyuti, yeye ndiye aliyeyatafuta huko. Basi ilimpasa aandike kwamba as-Suyuti amenukuu kutoka kwa al-Bayhaqi.

Umeona? Al-Bayhaqi alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia nne kabla yao. Maneno yalikuwa ya al-Bayhaqi bila shaka, na jina lake lilitajwa. Lakini kazi ya kuyatoa gizani ilikuwa ya mtu mwingine, na as-Suyuti aliona kuifuta kazi hiyo ni dhulma. Isitoshe, anayesema "amesema al-Bayhaqi" anamfanya msomaji adhani kuwa kitabu amekifungua mwenyewe na kukihakiki. Kama as-Suyuti alikosea katika kunakili, kosa litaendelea kwa jina la al-Bayhaqi na hakuna atakayejua lilipoanzia. Wale mnaoandika mawaidha yenye marejeo marefu, juzuu na ukurasa, mlioyatoa kwa mwandishi mwingine bila kukishika kitabu, maneno haya yanawahusu.

Kisa hakikuishia hapo. Inasimuliwa kuwa baadaye al-Qastallani alitaka moyo wa mwenziwe utulie juu yake. Akatoka Cairo kwa miguu hadi Rawda, kisiwa kilichoko katika mto Nile ambako as-Suyuti alikuwa amejitenga na watu. Akaenda miguu mitupu, kichwa wazi, mtu mzima mwenye heshima zake. Akabisha mlango. Akaulizwa ni nani. Akajitaja, akasema amekuja katika hali ile ili moyo wa as-Suyuti uwe radhi naye. Sauti ikamjibu kutoka ndani kuwa moyo uko radhi. Mlango haukufunguliwa, wala hawakuonana.

Mimi mlango ule huufikiria sana. Radhi ametoa, uso hakuutoa. Wako watakaosema as-Suyuti alikuwa mkali kupita kiasi, na kwa hakika ulimi wake ulijulikana. Aliandika hata risala nzima aliyoiita kwa Kiarabu al-Fariq bayna al-Musannif was-Sariq, yaani chenye kutenganisha baina ya mtunzi na mwizi. Jina peke yake lakutosha kujua alikuwa na uchungu gani.

Lakini ngojeni kidogo, msije mkaondoka hapa mkidhani mmoja alikuwa malaika na mwengine mwizi. As-Suyuti mwenyewe alituhumiwa kosa hilohilo! As-Sakhawi, mwanahistoria wa zama zake aliyefariki mwaka 1497 (902 Hijria), alimwandika katika kitabu chake cha wasifu kwamba alichukua kazi za waliomtangulia, akazibadilisha kidogo na kuzifanya zake. Wawili hawa walikuwa mahasimu, kwa hivyo kila neno la mmoja juu ya mwenziwe lapimwa kwa mizani. Hilo ndilo ninalotaka mlichukue: tuhuma ya wizi wa maandishi ni rahisi kuitoa na ni nzito kuifuta. Miaka mia tano imepita na bado twaizungumza.

Ndipo nasema, kabla ya kumtuhumu mtu, weka maandishi mawili ubavuni kwa ubavu. Aya ya Qur'ani uliyoitaja naye akaitaja si ushahidi, kwani nyote mna Msahafu mmoja. Kwamba mwezi umeandama siku fulani si ushahidi. Kuanza na "ama baad" si ushahidi, la sivyo mimi na makhatibu wote wa Mombasa tu wezi. Ukitafuta ushahidi, tafuta mambo ambayo hayakuwa popote ila kwako: mfano uliouona wewe, mpangilio ulioupanga wewe, hata kosa la tahajia ulilolifanya wewe na likahamia kwake. Hilo la mwisho lachekesha, lakini walimu wengi wamewashika wanafunzi kwa njia hiyo.

Kuna kijana atasema, na nimeshasikia mara nyingi, "Elimu ni ya Allah, haina mwenyewe, kwa nini mtu atake kutajwa? Hiyo si riya?" Maneno matamu. Ila nina swali moja kwa msemaji: kama elimu haina mwenyewe, jina lako umeliandikia nini? Anayeamini hivyo kweli huandika bila jina lolote, na watu hao wapo, wamejaa kheri. Shida ni yule anayeikumbuka ikhlasi wakati wa kulifuta jina la mwenziwe tu. Qur'ani katika Sura ya Aal Imran, aya ya 188, inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyafanya. Na mwanamke mmoja alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumringia mke mwenziwe kwa vitu ambavyo mume hakumpa, alijibiwa kwa mfano wa mtu aliyejivika nguo mbili, zote za uongo. Imamu al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, aliianza tafsiri yake kubwa kwa kujiwekea sharti la kuyaegemeza maneno kwa wenyewe. Wala hakusema ni hisani kwao. Aliona kuwa ni sehemu ya baraka ya elimu yenyewe.

Na hapa kwetu pia jina lilikuwa na wenye kulitunza. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalipita midomoni mwa watu miaka na miaka. Hapakuwa na mtambo wa kuyachapisha. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyahifadhi, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 yakatoka kitabuni kama Diwani ya Muyaka. Fikirini: kila mzee aliyelisoma shairi barazani alisema ni la Muyaka. Laiti wangelikuwa na desturi yetu ya "imetumwa kama ilivyopokelewa", leo tungekuwa na mashairi na tusijue Muyaka ni nani. Na ziko nyimbo za harusi na za mabaharia ambazo hilo ndilo lililozipata, hakuna anayejua zimetungwa na nani.

Mtaniuliza, sheria je? Nitapita haraka, mimi si wakili. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003. Haki yako inaanza pale unapoiandika kazi yako kwa juhudi yako, hata kama hukuisajili popote na hata kama umeiweka mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma bure. Kuisoma bure si kuimiliki. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hivyo watoto wako pia wana fungu. Sheria hailindi wazo, yalinda namna ulivyolieleza. Yaruhusu matumizi ya haki, kwa mfano kunukuu katika uhakiki au katika habari za matukio, kwa sharti la kutaja chanzo. Na mbali na mambo ya pesa, yampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna itakayomvunjia heshima. Yule mtu wetu wa tano, mnamkumbuka? Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza na utaratibu wa kuwataka watoa huduma za intaneti wakiondoe kilichowekwa kinyume cha haki.

Kwa upande wa fiqhi, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 katika kikao chake cha 5, ikapitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, wenyewe wana mamlaka nazo, na haifai kuzivamia. Kwa hivyo "mimi namfuata Allah, sheria za wazungu sizijui" haitakuokoa.

Sasa, umeshahakikisha. Umeweka ubavu kwa ubavu, na ni kazi yako kweli. Ufanye nini? Kwanza hifadhi ushahidi: ile yako yenye tarehe, na picha ya skrini ya ile yake, kabla hujamwambia mtu. Kisha mwandikie yeye mwenyewe, faragha. Usianze na "wewe mwizi". Mwandikie kama hivi: "Assalaamu alaykum ndugu yangu. Nimeona makala uliyoiweka tarehe fulani. Ni yangu, niliiandika tarehe fulani, na hii hapa. Naomba uongeze jina langu na mahali ilipotoka, au uiondoe. Jazakallahu khayran." Maneno hayo yatosha. Wengi watarekebisha siku hiyohiyo, kwani wengi waliipokea haina jina, wakaona ni nzuri, wakaongeza lao chini kwa ujinga tu. Ukiwa ulishawatangaza, wataona haya kurudi.

Akikataa au akanyamaza siku kadhaa, mwendee kupitia mtu anayemheshimu: mwalimu wake, imamu wa mtaa, mwenyekiti wa jumuiya. As-Suyuti naye alimpeleka mwenziwe mbele ya Shaykhul Islam. Asiposikia hapo, sema wazi, bila matusi, kwamba makala hii niliiandika mimi tarehe fulani, na uweke ya kwako. Kusema haki yako baada ya hapo si kusengenya. Lakini usiwaombe watu wamwendee kumtukana, na usiguse ukoo wake wala kabila lake. Mmedaiana makala tu.

Na kama hasara ni ya pesa, mtu amechapisha kijitabu chako na anakiuza nje ya misikiti, hilo limevuka adabu, limeingia kwenye hakimiliki. Tafuta wakili.

Limebaki swali nililoulizwa na dada mmoja kabla sijaketi: "Na yale mawaidha mazuri tunayoyapokea, hayana jina kabisa, na tumetafuta hatukumpata mwenyewe, tusiyatumie?" Yatumieni, dada yangu, almuradi mmehakikisha yaliyomo ni sahihi, hasa hadithi, maana hizo nazo huzushwa. Andikeni chini, "Mwandishi simjui, nimeyapata kwa fulani," na tarehe. Mwenyewe akitokea siku moja, lifuteni "simjui" muandike jina lake.